Mama Waya na Maua Ishirini na Manne ya Dari

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Mama Waya anakunja mikono ya gauni lake la kazi, anafungua madirisha yote mawili, anawasha feni iliyogeuzwa kutazama nje, kisha anaudonoa waya kwa ukucha. Waya unalia kidogo, kama uzi wa gitaa. Anakaza skrubu nusu duru na kuudonoa tena. Safari hii anaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa vizuri.

Anavaa barakoa, anakanyaga pedali. Umeme unaingia kwenye waya mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, uliovutwa katikati ya upinde wa mbao wenye urefu wa mita moja na nusu. Anahesabu kimoyomoyo hadi ishirini, anachukua kipande cha povu gumu, lile jeupe linalokuja na televisheni mpya ndani ya boksi, na kukigusisha. Waya unaingia bila kelele, kwa mchirizo mdogo tu wa *sss*, na kutokea upande wa pili.

"Ukiwa wa baridi unaburuta, na kipande kinatoka na kitambi," anasema. "Ukizidi moto unakula zaidi ya ulivyouagiza. Na ukiona umekuwa mwekundu, zima, nenda kanywe chai. Siku hiyo mna ugomvi."

Mezani kuna bonge la povu lililobanwa kati ya vibati viwili vilivyokatwa kwa umbo moja. Hivyo ndivyo violezo. Mama Waya anashika upinde kwa mikono miwili, anapumua, na kuanza kuusukuma waya ukifuata kingo za bati, polepole, bila kuharakisha wala kusita. Inachukua dakika nne, na katika dakika hizo hasemi neno na hapepesi macho.

"Hutakiwi kusimama njiani," anaeleza baada ya kuzima. "Ukisimama kupiga chafya, chafya yako itabaki pale ionekane na kila mtu."

Mwanamke huyu wa miaka hamsini na mmoja, mama wa watoto watatu, ndiye aliyechonga maua yote ishirini na manne yaliyopo sasa kwenye dari ya ukumbi mkuu wa mji wao. Kwenye mkono wake wa kushoto ana makovu matatu membamba yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Mawili aliyapata mwaka wa kwanza. La tatu alilipata wakati wa maua hayo, na halionei aibu.

Hakuzaliwa na waya mkononi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule na magauni ya harusi katika chumba hiki hiki. Chumba cha pili, kinachotenganishwa na ukuta mmoja, ni karakana ya mumewe anayetengeneza friji na televisheni. Povu lilikuwa taka ya mume. Lilijaa uani mpaka watoto wakalifanya farasi, boti na viti vya kuchezea.

Miaka kumi na moja iliyopita, mwalimu wa chekechea alikuja na ombi: alitaka herufi kubwa za kupamba sherehe ya watoto wanaohitimu. Mama Waya, ambaye hajui kumwambia mteja hapana, alikubali kabla hajajua atazitengenezaje.

"Nilichukua kisu cha jikoni nikakata herufi H. Ikatoka kama imegugunwa na panya," anakumbuka akicheka. "Chumba kizima kilijaa punje nyeupe. Zilinikaa kwenye nywele, zikanikaa kwenye nyusi. Mume wangu akasimama mlangoni, ameshika mbavu zake kwa kicheko. Akaniambia, 'Mke wangu, hicho kitu hakikatwi, kinayeyushwa.'"

Mume aliingia karakanani, akang'oa koili ya pasi iliyokufa, akainyoosha, akaifunga kwenye fremu ya msumeno wa chuma baada ya kuzikinga ncha zake kwa vipande vya mbao, akaiunganisha na chaja kuukuu ya betri ya gari. Pedali wakaiazima kwenye cherehani. Kabla chakula cha mchana hakijaiva, neno zima la HONGERA lilikuwa limeegemea ukutani.

Pedali ile haikurudi kwenye cherehani tena.

Kutoka herufi alihamia kwenye mapambo ya nyumba: mikanda ya dari, kingo za madirisha, nguzo za barazani zinazoonekana kama mawe lakini mtoto anaweza kuzibeba kwapani kabla hazijapakwa saruji. Aligundua kwamba miaka yake ya kushona haikupotea hata kidogo. Alijua kuchora kiolezo na kukata kwa mshazari, na kuacha nafasi pale vipande viwili vinapokutana.

"Nyumba ina kiuno kama gauni," anasema. "Ukikosea kiuno, hata uweke lesi gani, haitapendeza."

Mwaka wa kwanza ulimtesa kwa moshi. Kila jioni kichwa kilimgonga, mpaka daktari alipomuuliza anafanya kazi gani na kumfokea vizuri. Tangu siku hiyo hawashi waya kabla ya kufungua madirisha, hata mvua ikinyesha.

Lakini lililomuuma zaidi ya moshi lilikuwa ndani ya ua wake mwenyewe.

Baba mkwe wake, mzee wa miaka sabini na tisa ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Plasta, anaishi kwenye chumba cha nyuma cha nyumba hiyo hiyo. Alifanya kazi ya plasta ya jasi kwa miaka hamsini. Akikutana na dari ya zamani yenye pambo, kuna uwezekano mkubwa kuwa aliifinyanga yeye, au yule aliyemfundisha. Na kwa miaka tisa, mzee huyo hakukanyaga chumba cha kazi cha mke wa mwanawe.

Hakugombana naye. Asubuhi Mama Waya alimwamkia, "Shikamoo, Baba," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Alikula chakula chake, akasifu mchuzi, akauliza habari za wajukuu. Lakini akipita mbele ya mlango ule aligeuza uso, na kazi yenyewe aliiita kwa neno moja tu: mapovu.

Mama Waya alidhani ni ukaidi wa uzee. Siku moja mumewe alimpasulia ukweli. Mwaka ule alipoanza mikanda ya dari, mteja mmoja mkubwa aliyekuwa amempa Mzee Plasta kazi ya vyumba sita alipiga simu kuivunja. Alisema amesikia kuna mwanamke anatengeneza vitu vile vile kwa siku tatu na kwa nusu ya bei. Kisha, bila kujua anaongea na baba mkwe wa fundi huyo, akamwomba mzee namba ya simu ya mwanamke huyo.

"Na mzee akampa," anasema Mama Waya, na hapa sauti yake inashuka. "Akampa namba yangu. Ile kazi niliifanya mimi, tena nikaja nyumbani nikiimba. Nilikuwa nimemwaga unga wa baba mkwe wangu na sina habari."

Mzee hakupata kazi nyingine baada ya hiyo. Alisafisha zana zake, akazifunga kwenye turubai, akaziweka chini ya kitanda.

Mama Waya alitaka kumwomba radhi, lakini kila alipofika mlangoni kwa mzee maneno yalimkauka. Mkwe hamkalishi mkwe kitako na kumwambia mambo ya namna hiyo. Basi akakaa nalo moyoni.

Mwaka juzi, Jumanne moja asubuhi, mtunza ukumbi wa mji alikuwa akifagia kati ya viti alipoinama kando kuokota kizoleo. Nyuma yake ukasikika mshindo uliomtia uziwi kwa siku mbili. Ua la plasta la kilo arobaini na sita lilikuwa limetoka darini na kuvunja viti viwili vya safu ya nne, pale pale alipokuwa amesimama.

Ukumbi ulifungwa. Mhandisi alipanda juu, akashuka na kusema mbao za paa zimechoka. Maua ishirini na manne yalikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja, na mbao hizo haziwezi kuyabeba tena. Yakashushwa yote. Kwa kuwa mengi yalikuwa yamepasuka, vibarua waliyavunja na kuyapakia kwenye lori. Kamati ya ukumbi ikaamua kuweka dari bapa, nyeupe, basi.

Mtunza ukumbi ndiye aliyekataa kufa moyo. Alificha nusu ya ua moja ndani ya gunia, akalifikisha kwa Mama Waya kwenye toroli.

"Aliniambia, 'Mama, nimeyaangalia haya maua miaka thelathini, zaidi ya nilivyomwangalia mke wangu. Wewe si una kitu chepesi?'" anasimulia. "Nikamjibu ninacho. Tatizo, ameniletea nusu. Nusu ya pili nitaitoa wapi?"

Aliiweka ile nusu mezani chini ya dirisha, akaipima, akaichora kwenye karatasi, akageuza mchoro ili kupata upande uliokosekana. Akakata ua la majaribio. Alikuwa akilifanyia usafi wa mwisho kwa upinde mdogo wa mkononi aliposikia mtu akikohoa mlangoni.

Alikuwa Mzee Plasta. Kupitia dirishani alikuwa ameiona ile nusu.

"Hilo jani umeligeuza," alisema.

Mama Waya aliruka, mkono ukagusa waya. Ndipo kovu la tatu lilipopatikana.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Tia maji hapo kwanza, halafu uniambie nani amekudanganya kwamba pande mbili za hilo ua zinafanana."

Hazikufanana. Mzee aliingia, akavuta stuli, akaketi, akaanza kueleza huku kidole chake kikipita juu ya plasta iliyovunjika kama mtu anayepapasa uso wa ndugu. Upande mmoja majani yalilala, upande wa pili yaliinuka, ili ukitembea chini ukumbini ua lionekane kama linageuka kukufuata. Alijua kwa sababu aliyatengeneza mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na mbili, akiwa bado anajifunza kazi. Kumi na moja kati ya ishirini na manne yalikuwa ya mkono wake.

"Niliweka upinde chini," anasema Mama Waya. "Miaka tisa! Nikamwambia tu, 'Baba, nisamehe.' Akaniuliza, 'Kosa la kugeuza jani?' Nikamwambia, 'La ile kazi ya vyumba sita.' Kisha akasema, 'Ile nyumba ilikuwa na mwenyewe mbishi. Ulinipunguzia kichwa kuuma. Haya, lete penseli.'"

Mzee mwenyewe, akiulizwa kuhusu siku hiyo, anapangusa pua na kusema aliingia kwa sababu jua la nje lilikuwa kali.

Kilichofuata kilikuwa miezi mitano ya kazi ambayo wote wawili wanaisimulia kwa kukatizana. Ua la kwanza lililofuata maelezo ya mzee lilikuwa zuri mezani, lakini yeye hakuridhika. Aliagiza litundikwe juu kabisa, kwenye kenchi za paa la karakana, kisha akatandika maboksi sakafuni na kujilaza chali.

"Na wewe lala," akasema.

Mama Waya aliona haya. Mkwe kujilaza sakafuni mbele ya baba mkwe? Lakini mzee alikuwa akimsubiri, ameshatulia kama yuko kitandani kwake. Akajifunga khanga vizuri, akajilaza hatua tatu kutoka kwake, na wote wakatazama juu. Hapo ndipo alipoona. Ua lililojaa vivuli pale mezani lilikuwa bapa kama sahani.

"Ua la dari halichongwi kwa ajili ya mkono, linachongwa kwa ajili ya mtu aliye mbali," mzee alimwambia. "Kata ndani zaidi. Kata mpaka uone aibu."

Wakati huo huo mume aliingia kutafuta bisibisi, akamkuta baba yake amelala chali na mkewe amelala chali. Akapiga ukelele uliowaleta majirani watatu. Hadithi hiyo bado inamsumbua mtaani.

Walipokuwa na maua manne tayari, mtunza ukumbi aliishawishi kamati iyatazame kabla ya kuweka dari bapa, nayo ikamleta afisa wa zimamoto, mwanamke mpole wa sauti. Alisifu kazi, akaomba kipande, akakisogezea moto. Povu lilishika na kudondoka matone yanayowaka. Akauzima kwa kiatu.

"Siwezi kuwaweka watu mia sita chini ya kitu hiki," alisema. "Samahani sana, mama."

Mama Waya hakubishana, kwa sababu afisa alikuwa na haki. Alirudi nyumbani, akafunika cherehani, akafunika meza, akashika tama. Siku mbili hakukanyaga pedali. Mtunza ukumbi alipopiga simu, mumewe ndiye aliyepokea na kusema mkewe amepumzika.

Siku ya tatu asubuhi alisikia kitu kikiburutwa uani. Mzee Plasta alikuwa ameitoa ile turubai chini ya kitanda. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, ndoo ya maji kando yake, mfuko wa jasi mbele yake, akichambua nyuzi za katani.

"Wewe umetengeneza mifupa," alisema bila kuinua macho. "Nani alikuambia itoke nje bila ngozi?"

Wakalivika ua la povu plasta yenye nyuzi, unene wa milimita nane tu. Mabega ya mzee hayainuki tena kufika darini, lakini kazi hii ilikuwa ya mezani, na mikono yake ilikuwa haijasahau kitu. Mama Waya alilazimika kukata kila jani jembamba zaidi ili ngozi ipate nafasi, jambo ambalo fundi cherehani yeyote anayeacha upana wa pindo analielewa.

Afisa wa zimamoto alirudi. Safari hii alielekeza moto kwenye ua kwa dakika tano kamili akitazama saa. Ngozi iliungua ikawa nyeusi, povu la ndani likasinyaa kiasi, lakini hakuna kilichoshika moto wala kudondoka. Aliomba jaribio jingine, akapata jibu lile lile. Akaruhusu, kwa sharti kwamba taa zote zihamishwe kutoka darini ziwekwe ukutani.

Ua jipya lilipowekwa kwenye mizani lilikuwa na kilo kumi na moja. Mhandisi aliomba lipimwe tena, kwa sababu alidhani mizani imeharibika.

Ukumbi ulifunguliwa mwaka jana kwa mashindano ya kusoma kwa sauti ya shule za msingi. Mtunza ukumbi aliwatengea wawili hao viti vya safu ya nne. Watoto walisoma, wazazi walipiga makofi, na kama ilivyo kawaida ya watu, karibu hakuna aliyetazama juu. Mzee Plasta hakutazama kitu kingine.

"Alihesabu yote kwa kidole," anasema Mama Waya. "Halafu akaniinamia akaninong'oneza, 'Lile la tisa umelikata vizuri kuliko langu.' Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba."

Tangu hapo simu hazikatiki. Msikiti mmoja, makanisa mawili na kituo cha zamani cha treni vimeuliza kuhusu mapambo mepesi. Mama Waya anazikubali kazi moja moja, kwa sababu kila moja sasa hupita mikononi mwa watu wawili, na huyo wa pili hakimbizwi. Mwakani anataka kubomoa ukuta unaotenganisha chumba chake na karakana ya mumewe, aweke meza mbili ndefu, moja ya waya na moja ya plasta, na afundishe mafundi cherehani sita ambao kazi ya kushona imewapungukia. Mume amekubali kuhamishia friji zake barazani, ingawa anasema hakuulizwa, alipewa taarifa.

Lakini mpango anaoupigania kuliko yote uko kwenye misumari ya ukuta wa nyuma, ambako vibati vilivyokatwa maumbo ya majani, mizabibu na nyota vimening'inizwa kwa safu. Ni michoro ya kazi za Mzee Plasta, ambayo haikuwahi kuandikwa popote ila kichwani mwake. Kila Ijumaa baada ya chai mzee huingia, huketi kwenye stuli, na kumchorea mmoja. Mmoja tu. Akiombwa wa pili, huchukua fimbo yake na kuaga.

Hadi sasa wamekata violezo thelathini na moja. Mama Waya anataka kuvimaliza vyote, avipe namba, na watoto wa watoto wake wavikute pale ukutani.

"Tulipoanza nilimuuliza, 'Baba, imebaki mingapi kichwani?' Akasema kumi na miwili," anasema, akianza kukaza waya kwa ajili ya kipande kinachofuata. "Tukakata kumi na miwili. Nikamuuliza tena, akasema kumi na tisa. Tukaikata yote. Wiki iliyopita nikamuuliza, akafikiri sana, akaniambia imebaki kama arobaini hivi."

Anacheka, anaudonoa waya kwa ukucha, anasikiliza.

"Sitamuuliza tena. Hata ikifika mia, nitakata."